Anga la Cheptiret halimo katika ramani ya London

Ukisafiri kwa basi kutoka Nairobi hadi Eldoret, msomaji mpendwa, huenda ukapita Cheptiret bila kujua. Utakuwa umeshachoka. Utakuwa umepita Nakuru, ukapanda milima, ukavuka ikweta karibu na Timboroa penye baridi shadidi, na ukapita Burnt Forest na viazi vyake vilivyopangwa kando ya barabara. Kisha utamsikia kondakta akiita: "Cheptiret! Wa Moi University shukeni!" Wanafunzi wawili watatu watateremka na mabegi yao, mlango utabamizwa, na kabla hujasinzia vizuri utakuwa umefika Eldoret, mji ambao vijana wanauita Sisibo na ambao tangu Agosti 15, 2024 ni jiji.

Siku moja nakusihi uteremke pamoja na wanafunzi hao.

Sitakudanganya kwamba kuna maajabu ya mchana. Cheptiret ni njia panda. Barabara moja ni hiyo kuu ya Nakuru na Eldoret, na nyingine yaelekea Kesses kwenye bewa kuu la Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka wa 1984. Kuna maduka, vibanda vya chai na chapati, waendeshaji bodaboda wanaomgombea kila abiria, na nyuma ya hayo yote mashamba ya mahindi na ngano na ng'ombe wa maziwa. Watalii hawafiki hapa. Wao hukimbilia Bonde la Kerio au kambi za wanariadha kule Iten.

Lakini ngoja jua litue. Cheptiret iko chini ya nusu digrii kaskazini mwa ikweta, na iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa sababu ya kimo hicho hewa ni nyepesi na safi. Kwa sababu ya ikweta, hakuna nyota yoyote inayoonekana kwa macho duniani ambayo haipiti juu yako kwa mwaka, isipokuwa zile chache sana zilizo kwenye ncha zenyewe, ambazo hubaki zimegusana na ardhi. Isitoshe, uwanda wa Uasin Gishu ni tambarare, kwa hiyo anga linashuka hadi chini pande zote kama kawa lililofunika sinia. Mjini tumezoea kuona kipande cha anga kati ya ghorofa na ghorofa. Hapa utaliona lote.

Katika mkoba wangu nilikuwa nimebeba kadi 32 za kujifunzia nyota, nakala za kadi za kale zilizochapishwa London. Seti hiyo huitwa Urania's Mirror, yaani Kioo cha Urania, jina la binti wa hadithi za Wayunani aliyeaminika kuwa mlezi wa elimu ya nyota. Ilianza kuuzwa mwishoni mwa mwaka wa 1824 ikiwa ndani ya kisanduku, na iliandamana na kitabu cha maelezo cha Jehoshaphat Aspin. Kila kadi ina urefu wa sentimita 20 hivi na upana wa 14. Juu yake pana picha ya simba, dubu, fahali, shujaa mwenye rungu au mwanamke aliyefungwa kwa minyororo, zote zikiwa zimechorwa kwa nakshi na Sidney Hall na kutiwa rangi kwa mkono.

Ujanja wa kadi hizo si picha. Ujanja ni matundu. Kila palipo na nyota pametobolewa tundu, na ukubwa wa tundu ni kwa kadiri ya mng'ao wa nyota. Mtoto akiinua kadi mbele ya taa, mwanga hupenya na kundi zima la nyota hung'aa mkononi mwake pamoja na picha inayomsaidia kulikumbuka. Hapo hujifunza akiwa sebuleni kando ya moto, kisha akitoka nje hukutana na nyota alizozijua tayari. Miaka 200 imepita na sijaona kifaa cha kufundishia kilicho rahisi na cha busara kuliko hicho.

Kisanduku kilitangaza kwamba kadi zilibuniwa na bibi fulani, bila kumtaja. Watu wakaamini, na wengine wakakisia ni nani. Mwaka wa 1994 ndipo Peter Hingley, mkutubi wa Chama cha Kifalme cha Wanafalaki cha Uingereza, alipokuta katika karatasi za zamani za chama pendekezo la kumwingiza mwanachama mpya aliyetajwa kuwa ndiye mtunzi wa Urania's Mirror. Alikuwa Richard Rouse Bloxam, kasisi na mwalimu katika shule ya Rugby. Bwana mzima alijificha ndani ya buibui la mwanamke kwa miaka 170! Picha zenyewe nyingi zilinakiliwa kutoka kwa kitabu cha ramani za nyota cha Alexander Jamieson cha mwaka wa 1822, jambo linaloonyesha kwamba mtindo wa kunakili kazi ya mwenzio haukuanza na wanafunzi wetu.

Seti halisi sasa ni mali ya makavazi na wakusanyaji wa vitu vya kale. Zangu nilizichapisha kwenye karatasi ngumu katika saiba moja Eldoret, na matundu nikayatoboa mwenyewe kwa shazia, ile sindano ya kushonea magunia.

Nilifikia katika boma moja kando ya barabara ya Kesses. Ilikuwa katikati ya Desemba na shule zilikuwa zimefungwa. Mwenye boma ni mama mzee ambaye wajukuu wake humwita kogo, kama ilivyo desturi ya Wakalenjin kumwita nyanya, nami nikamwita hivyo hivyo. Wajukuu walikuwa watatu: kijana wa Gredi ya 8, dada yake wa Gredi ya 5, na kitindamimba ambaye bado yu chekechea. Baada ya chai tukatoka nje. Saa moja na nusu usiku, upande wa mashariki, shujaa Orion alikuwa ndiyo kwanza anatoka ardhini. Kwa Kiswahili huitwa Jabari. Nikampa kijana kadi ya 29.

Aliitazama, akatazama anga, akaitazama tena. "Lakini mwalimu," akasema, maana aliamua kuniita mwalimu, "huyu wa kadi amesimama. Yule amelala."

Alikuwa amesema kweli. Kwenye kadi Jabari amesimama wima, rungu juu, kwa sababu ndivyo anavyoonekana akifika kusini katika anga la London. Cheptiret huchomoza akiwa amelala chali, kichwa chake kaskazini na miguu kusini. Nyota tatu za mshipi wake, ambazo mtu wa London huziona zikilala kwa mshazari kiunoni, hapa huchomoza moja juu ya nyingine. Ilitubidi kuizungusha kadi robo mzunguko, na papo hapo kila tundu likapata nyota yake. Dada mtu akapiga makofi.

Sababu yake si ngumu. Dunia inajizungusha kwenye mhimili wake, na mtu aliye kwenye ikweta amesimama ubavuni mwa mhimili huo. Kwa hiyo kwake nyota hupanda wima kama ndoo inayovutwa kisimani, hupita juu, kisha hutua wima. Kila nyota hukaa angani saa 12 na chini ya ardhi saa 12, hakuna yenye upendeleo. London nyota hupanda kwa mshazari, nyingine huzunguka bila kutua kamwe, na nyingine hazichomozi kabisa. Mintaka, nyota ya kwanza ya mshipi wa Jabari, iko karibu sana na ikweta ya anga. Ukilala majanini hapa Cheptiret siku za mwanzo za Februari, saa tatu usiku, itapita juu ya uso wako, ikikosa utosi kwa upana wa kidole tu. Kisha Jabari ataanza kushuka magharibi, naye atatua kifudifudi. Anaamka chali, analala kifudifudi, kama jirani yetu mmoja wa mwisho wa mwezi.

Hapa nitoe onyo kwa wazazi wa mjini. Zipo ramani za duara za nyota, zile za kisahani kinachozungushwa ili kuonyesha anga la tarehe na saa unayotaka. Nyingi zilizoletwa huku zimetengenezwa kwa latitudo ya London, digrii 51 na nusu kaskazini. Humweka mtoto wako chini ya anga ambalo halipo: Nyota ya Kaskazini iko juu angani, ilhali kwetu imelala pale ardhi inapokutana na mbingu, na haionekani kwa ukungu na miti. Soma latitudo kabla ya kulipa. Programu za simu hazina kosa hilo, maana zinajua uliposimama, lakini zina lao: mwanga wa simu unaua macho ya usiku. Jicho huhitaji karibu nusu saa gizani kabla ya kuona vizuri, na kuitazama simu mara moja tu hukurudisha mwanzo.

Alfajiri ndiyo iliyonifundisha zaidi. Saa kumi na moja kogo huamka kukama, nasi tukamfuata tumejifunika mablanketi. Upande wa kaskazini-mashariki Dubu Mkubwa alikuwa akipanda, na kadi yake tukaipata mara moja. Kisha tukageuka kusini. Anga la kusini lilikuwa limejaa nyota kubwa kubwa zinazong'aa kuliko za kaskazini. Upande wa kusini-mashariki Msalaba wa Kusini ulikuwa umeinama, nyota zake nne zikionekana wazi kabisa. Kusini-magharibi ilikuwepo nyota nyeupe kubwa, ya pili kwa mng'ao katika anga lote la usiku, iitwayo Canopus. Watoto wakaanza kupekua kadi. Wakapekua zote 32. Msalaba haumo.

Wala hauwezi kuwamo. Seti ilitengenezwa kwa macho ya Uingereza, na nyota za kusini sana hazichomozi kule hata siku moja. Kadi ya mwisho, ya 32, imesongamanisha makundi 11 ya upande huo wa chini kama abiria wa matatu ya jioni: bundi, kunguru, kikombe, nyoka mrefu wa majini, mbwa mwitu, hata paka. Naam, paka, ambaye baadaye wanafalaki walimfukuza pamoja na bundi. Mwaka wa 1922 wanafalaki wa dunia walikubaliana juu ya orodha ya makundi 88, na mipaka yake ikapimwa na kuchapishwa mwaka wa 1930. Mashine ya umeme na kiwanda cha uchapishaji, vilivyomo katika kadi za Bloxam, havikuponea mkutano huo.

Simlaumu Bloxam. Alichora anga lake. Ninalolalamikia ni sisi kulipokea anga lake tukidhani ni letu, tukalifundisha hivyo hivyo, mpaka mtoto wa Cheptiret aliye na anga lote juu ya kichwa chake anajua kusimulia habari za nyota ya ncha ya kaskazini asiyoweza kuiona na hajui jina la ile inayomwangazia akienda zizini.

Anga la kusini nalo lilichorwa na wageni, na sehemu ya kazi hiyo ilifanyika katika bahari yetu. Mwaka wa 1595 merikebu za kwanza za Waholanzi zilizokwenda nchi za viungo zilitia nanga Madagaska, na humo walikuwamo rubani Pieter Keyser na Frederick de Houtman, waliopewa kazi ya kupima nyota za kusini. Keyser alifia safarini mwaka wa 1596. Vipimo vilirudi Amsterdam, na Petrus Plancius akavipanga katika makundi 12 mapya: Tausi, Korongo, Samaki Arukaye, na Kinyonga, mnyama ambaye Madagaska imejaa. Johann Bayer aliyaweka yote 12 katika ukurasa mmoja wa Uranometria, ramani yake mashuhuri ya nyota iliyotoka Augsburg mwaka wa 1603. Mwaka huo huo de Houtman naye alichapisha orodha ya nyota zake. Unajua aliitia wapi? Mwishoni mwa kamusi ya Kimalei na Kimalagasi! Mtu ananunua kitabu ajifunze kuuliza bei ya pilipili, anakuta na nyota 300 za ziada.

Baadaye, mwaka wa 1751 na 1752, Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille alipima nyota karibu 10,000 akiwa katika Rasi ya Tumaini Jema. Ni yeye aliyeona kwamba jahazi kubwa la Wayunani lililoitwa Argo limezidi ukubwa, akaligawa katika vipande ambavyo Kiswahili kina maneno yake tangu zamani: Mkuku, Shetri na Tanga. Kutoka London sehemu kubwa ya jahazi hilo haichomozi kamwe. Kutoka Cheptiret, kilomita mia kadhaa mbali na maji ya chumvi, linapita zima juu ya shamba la mahindi, na ile nyota nyeupe Canopus ikiwa kwenye mkuku.

Nyota hiyo Waarabu huiita Suhail. Fungua kamusi za zamani za Kiswahili utakuta neno suheli likiwa na maana ya kusini, na jaa likiwa kaskazini, kutokana na jina la nyota ya ncha ya kaskazini. Mabaharia wa pwani walikuwa na dira iliyoandikwa angani kabla ya mtu yeyote kuwauzia kadi. Hata majina yaliyochapishwa kwenye kadi za Bloxam mengi ni ya Kiarabu yaliyovaa kofia ya Kizungu. Rigel ni mguu, kama vile asemavyo Mwarabu rijil. Aldebaran, lile jicho jekundu la fahali, maana yake ni mfuasi, kwa sababu hufuata nyuma ya Kilimia. Majina hayo yamehifadhiwa katika kitabu cha nyota cha al-Sufi wa Uajemi, cha mwaka wa 964 hivi, ambamo kila kundi limechorwa mara mbili: jinsi lionekanavyo angani, na jinsi lionekanavyo kwenye tufe la nyota.

Kilimia, bila shaka, unakijua, au babu yako alikijua. Ni kile kishada cha nyota ndogo begani mwa fahali. Wenye macho ya kawaida huhesabu sita, wenye macho makali saba, ilhali kwa kweli ni zaidi ya 1,000. Ziko mbali kiasi kwamba nuru yake huchukua miaka 440 hivi kutufikia. Ile tuliyoiona Desemba ilianza safari kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus mwaka wa 1593. Jina lake limetokana na kulima, na Waswahili husema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Si methali ya kupamba insha tu. Mwanzoni mwa Mei, masika yakiwa yamepamba moto pwani, kishada hicho hupotea magharibi baada ya machweo, na Juni hurudi mashariki kabla ya mawio, mvua ikiwa imepungua. Ni kalenda, na haina haja ya kutundikwa ukutani.

Nikamwuliza kogo, nikiwa nimeelekeza kidole, "Hizo nyumbani mnaziitaje?" Alikuwa anafunga kamba ya ndama. Hakuinua macho mara moja. "Koremerik," akasema.

Wajukuu wakatazamana. Hawakuwa wamelisikia neno hilo maishani mwao. Kijana wa Gredi ya 8, aliyejua Orion na Sirius na umbali wa jua kwa kilomita, alimwomba kogo alirudie, akaliandika kwenye kiganja cha mkono.

Mimi nilikuwa nimelikuta neno hilo kitabuni, na hilo ndilo lililonitia simanzi. Limo katika kitabu cha A. C. Hollis juu ya Wanandi, kilichochapishwa Oxford mwaka wa 1909. Hollis aliandika kwamba Wanandi walitazamia mavuno mema au mabaya kwa kuonekana au kutoonekana kwa Koremerik. Aliandika kwamba ule ukanda mweupe unaokatiza anga, tunaouita Njia Nyeupe, kwao ni ziwa kubwa ambamo watoto wa nyota huoga na kucheza. Aliandika pia kuwa nyota ya jioni ikionekana, wake hujua kwamba waume zao wako karibu kurudi kula. Nilipolisimulia lile la ziwa, kogo alicheka kwa sauti, akaniuliza ni nani aliyenieleza habari za watoto hao. Nikamwambia ni Mzungu, zamani. Akatikisa kichwa. "Naye aliambiwa na nani?"

Nimelitafakari swali hilo sana. Hollis aliambiwa na wazee wa Kinandi, wakati ambapo kila mtoto aliyelala nje na ng'ombe alikuwa na ziwa hilo juu yake. Leo majina yako katika maktaba, na mtu anayeyajua bila kitabu ana umri mkubwa na anaamka saa kumi na moja peke yake. Katika boma lile nafasi ya kuuliza bado ipo. Ni kwa miaka mingapi, wewe mwenye nyanya kijijini unaweza kujibu mwenyewe.

Lenyewe anga linafifia. Ukisimama Cheptiret na kutazama kaskazini-magharibi utaona wekundu kama wa alfajiri isiyokucha. Ni jiji la Eldoret. Upande huo nyota ndogo zimekwisha kufutika hadi kimo cha ngumi mbili. Vituo vya biashara kando ya barabara kuu navyo vinazidi kuwekewa zile taa ndefu za mlingoti, mulika mwizi. Mimi si mjinga wa kumwambia mama anayeuza mboga usiku kwamba taa ni mbaya. Lakini taa inayomulika mawinguni haimkamati mwizi yeyote. Kifuniko cha bati juu ya balbu kingeuelekeza mwanga wote chini kwa mteja, na gharama ya umeme isingeongezeka hata senti. Katikati ya Nairobi, usiku usio na mawingu, mtoto akihesabu nyota 50 ana bahati. Ziwa la watoto wa nyota hatalikuta kabisa.

Ukitaka kwenda, nenda kati ya Desemba na Februari. Mvua kubwa huku huanza Machi au Aprili na huendelea hadi Septemba, na mawingu hayana huruma. Chagua siku ambazo mwezi haujachomoza. Chukua sweta mbili, si moja. Funga karatasi nyekundu ya peremende kwenye tochi ili usiharibu macho ya wenzio. Usiingie shamba la mtu gizani bila kumwarifu, maana mbwa wa Uasin Gishu hawajasoma falaki. Na ukiweza kuamka alfajiri, amka, kwa sababu hapo ndipo dubu wa kaskazini na msalaba wa kusini huonekana kwa pamoja. Kama ni lazima uwaone jioni, ni katikati ya Mei saa tatu usiku, ukiwa umeomba mawingu yafunguke.

Kadi unaweza kutengeneza nyumbani hata kama huendi popote. Kata ubavu wa katoni ya unga au sabuni, urefu wa daftari. Weka alama za nyota kwa penseli kwa kufuata ramani ya kitabu au ya simu, kisha toboa: shazia kwa nyota kubwa, msumari mdogo kwa za wastani, sindano ya nguo kwa ndogo. Paka upande wa nyuma rangi nyeusi ili mwanga usipite ila kwenye matundu. Kwa Msalaba wa Kusini utahitaji matundu manne makubwa na moja dogo, na mawili makubwa zaidi kando yake kwa zile nyota mbili zinazouelekeza, ambapo moja, Alpha Centauri, ndiyo jirani yetu wa karibu katika zote zing'aazo, miaka ya nuru minne na kitu. Washa koroboi au tochi nyuma yake.

Siku ya mwisho tulikaa jikoni tukitengeneza zile kadi zilizokosekana London. Kijana alitoboa Msalaba. Dada yake alitoboa jahazi, Mkuku, Shetri na Tanga, ingawa hajawahi kuiona bahari. Ilipofika zamu ya Koremerik, matundu saba yalikuwa rahisi, lakini pakazuka ubishi juu ya picha ya kuchora kuyazunguka. Kwenye kadi ya Bloxam yako begani mwa fahali wa Kiyunani mwenye hasira. Kijana akataka jembe, kwa sababu ya Kilimia. Dada mtu akasema jembe ni la Kiswahili, hapa watu hulima kwa trekta. Kogo hakutaka kuamua. Wakati wakibishana, kitindamimba aliichukua kadi akaenda nayo chini ya meza na kalamu ya rangi. Alipoirudisha, matundu saba yalikuwa yamezungukwa na ng'ombe mmoja mwenye baka jeupe usoni, yule yule wa zizini mwao, na kando yake ndoo.